Fundi wa Cremona na Wanawe

Kabla ya vinanda vya umeme kuziteka arusi zetu, hapakuwa na taarab ya haja Mombasa, Lamu wala Unguja pasipo fidla. Nilikuwa kijana mdogo nilipoanza kumtazama mpigaji akiibana ala yake chini ya kidevu, akiupitisha upinde juu ya nyuzi, na sanduku lile jembamba likalia kama mtu aliyefiwa. Wenzangu walimtazama mwimbaji. Mimi nilitaka kujua ni nani aliyekaa akalichonga lile sanduku, akajua kwamba mbao ikiwa nyembamba kiasi hiki italia, na ikizidi kidogo itanyamaza.

Swali hilo lilinifikisha mbali, hadi mji wa Cremona kaskazini mwa Italia, karibu na mto Po, nyumbani kwa mtu aitwaye Antonio Stradivari. Huenda msomaji amelisikia jina lake kwa sababu ya fedha. Mwaka wa 2011 fidla yake moja aliyoitengeneza mwaka 1721, nayo huitwa Lady Blunt, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 15, na fedha hizo zikapelekwa kuwasaidia Wajapani waliokumbwa na tetemeko na mawimbi ya bahari mwaka huohuo. Lakini si bei inayonifanya nimwandike. Ni jambo lililopita ndani ya nyumba yake, baina yake na watoto wake, ambalo fundi yeyote wa milango au wa majahazi huku kwetu atalielewa upesi.

Najua wako masheikh wasioziridhia ala za nyuzi, nami sikukaa hapa kutoa fatwa. Naandika juu ya kazi ya mikono. Hata hivyo fidla si mgeni katika ulimwengu wa Kiislamu kama inavyodhaniwa. Nasaba yake inagusa rababa, ala ya Waarabu ambayo al-Farabi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 950, aliieleza katika kitabu chake kikubwa cha muziki. Rababa iliingia Ulaya kwa njia ya Andalusia, Wazungu wakaigeuza na kuizalisha kwa namna nyingi, na katikati ya karne ya 16 fundi Andrea Amati wa Cremona akaipa fidla umbo tunalolijua leo. Baadaye safari ikageuka. Misri wakaipokea fidla na kuiita kamanja, jina la ala yao ya zamani, na pamoja na taarab ikafika Unguja na pwani yetu.

Sasa tumrudie Stradivari. Alizaliwa yapata mwaka 1644. Wachunguzi wamepata hesabu hiyo kwa sababu alipokuwa mzee alipenda kuandika umri wake, kwa mkono wake mwenyewe, katika vikaratasi alivyovigandisha ndani ya fidla. Naona humo fahari ya mzee anayetaka mnunuzi ajue kwamba mkono uliofanya kazi ile una miaka 90 na haujatetemeka.

Miaka 14 kabla ya kuzaliwa kwake, mwaka 1630, tauni iliingia Cremona ikafyeka watu. Katika ukoo wa Amati, uliokuwa umeushikilia ufundi huu kama urithi wa nyumba, alibaki fundi mmoja tu wa kutegemewa, Nicolò, mjukuu wa Andrea. Nicolò hakuwa bado na mtoto wa kumrithisha. Basi akafanya jambo ambalo babu zake hawakulifanya: akafungua mlango na kupokea vijana wasiokuwa wa damu yake. Lau hakufanya hivyo, ufundi wa Cremona ungezikwa palepale pamoja na maiti wa tauni. Namwomba msomaji auweke mlango huu akilini, kwani nitaurudia.

Kikaratasi cha mwaka 1666, katika fidla ya kwanza kabisa inayojulikana kuwa ya Stradivari, chasema kwamba yeye ni mwanafunzi wa Nicolò Amati. Wako wanaokitilia shaka, wakidhani kijana alianza kwa useremala wa kunakshi, maana fidla zake kadhaa za mwanzo zimepambwa kwa nakshi nzuri mno. Kwa vyovyote vile, mkono wa Amati waonekana katika kazi zake za miaka ya mwanzo.

Mwaka wa 1667 alimwoa Francesca Feraboschi, mjane aliyekuwa amepatwa na msiba mzito. Mume wake wa kwanza aliuawa mwaka 1664 kwa risasi hadharani mjini, na aliyempiga ni ndugu yake Francesca mwenyewe. Katika mji mdogo jambo la namna hiyo halisahauliki, na mwanamke hubebeshwa maneno ya watu. Stradivari hakujali. Akakaa na mkewe huyu kwa amani zaidi ya miaka 30, akamzalia watoto sita. Francesca alipofariki mwaka 1698 akamzika kwa heshima kubwa, na mwaka uliofuata akamwoa Antonia Zambelli, aliyemzalia watano.

Mwaka 1680 alinunua nyumba katika uwanja wa San Domenico kwa lire 7,000, sehemu akaitoa papo hapo na baki akalipa kidogo kidogo. Chini palikuwa duka na karakana, katikati wakaa watoto, na juu kabisa palikuwa na dari iliyo wazi kwa hewa, ambako fidla zilizopakwa vanishi zilitundikwa zikauke kwa jua na upepo. Katika nyumba hiyo alifanya kazi kwa miaka 57.

Hebu tuingie karakanani. Mtu wa jahazi atashangaa, kwa kuwa mafundi wetu kwa kawaida hutangulia kupigilia mbao za nje na mataruma yakafuata. Mafundi wa Cremona walianza na mbavu. Fundi huchukua kalibu ya mbao ya mjozi iliyokatwa kwa umbo la fidla, akaibandika vipande vidogo vya mti mwepesi pembeni, kisha huchukua vibao vya unene wa milimita moja hivi, akavilowesha kidogo na kuvipinda kwenye chuma cha moto mpaka vikaufuata mzunguko wa kalibu. Kibao kikiungua hutupwa. Kikipasuka hutupwa. Mbavu zikishika, kalibu hutolewa, nayo hungoja fidla nyingine. Ndiyo sababu kalibu ya mti ilikuwa mali kuliko fidla iliyomalizika: fidla ni mtoto, kalibu ni mama.

Mgongo na mbavu hutengenezwa kwa mti mgumu ambao Wataliani huuita acero, wenye milia inayometa kama maji yanapopigwa na upepo. Iliyo bora inaaminiwa kuwa ilitoka milima ya Bosnia, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya dola ya Uthmania, ikapitia Venice kwa biashara. Uso wa fidla ni wa mti mwingine, jamii ya msonobari, unaoota polepole katika baridi ya milima ya Alps. Mti wa namna hii kila mwaka huongeza mviringo mmoja mwembamba, na mviringo ukiwa mwembamba na ulio sawasawa, mbao huwa nyepesi na yenye nguvu. Sasa ajabu ni kwamba baina ya mwaka 1645 na 1715 Ulaya ilipita katika miaka ya baridi isiyo ya kawaida. Miti ilikua kwa taabu. Wako wataalamu wanaosema kwamba baridi hiyo ilimkaribishia Stradivari mbao ambazo fundi wa leo hazipati tena.

Uso na mgongo huchongwa kutoka katika ubao mnene. Kwanza nje, kwa patasi na randa ndogo, mpaka mwinuko wake upate umbo kama tumbo la ngalawa iliyofudikizwa. Kisha ndani huchimbwa taratibu mpaka uso ubaki na unene wa milimita tatu hivi, na mgongo uwe mnene zaidi katikati na kupungua kuelekea pembeni. Hapa kipimo hakitoshi, kwani hakuna miti miwili iliyo sawa. Fundi huushika ubao kwa ncha za vidole, akaugonga na kuusikiliza, akapunguza kidogo, akagonga tena. Ukizidisha unyoya mmoja wa mbao, huwezi kuurudisha.

Kisha hukatwa matundu mawili marefu yaliyopindana, na ukingoni mwote huchimbwa mfereji mwembamba na kutiwa nyuzi tatu za mti, nyeusi, nyeupe na nyeusi. Mtazamaji hudhani ni pambo. Kazi yake hasa ni kuzuia ufa wa ukingoni usiingie tumboni. Vyote huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, ambayo kwa makusudi ni dhaifu kuliko mbao, ili hali ya hewa ikibadilika mshono ndio uachie na si ubao upasuke. Fundi atakayekuja baada ya miaka 100 ataweza kuifungua fidla kwa kisu na kuitengeneza. Na mwisho, ndani, baina ya uso na mgongo, husimamishwa kijiti kidogo kisichogandishwa kwa chochote ila hubanwa tu. Kijiti hicho kikianguka, fidla hupoteza sauti. Wataliani hukiita roho.

Haya yote mafundi wengine wa Cremona waliyajua pia. Kilichomtenga Stradivari ni kutoridhika. Amati alipofariki mwaka 1684 yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mji, na oda zilikuja mpaka kutoka ikulu ya Medici huko Florence. Mtu mwingine angelikaa juu ya sifa hiyo. Yeye, yapata mwaka 1690, akavunja vipimo alivyovizoea na kuirefusha fidla, akaitengeneza hivyo karibu miaka 10, kisha akaiacha njia hiyo na kurudi kwenye umbo fupi lililo pana zaidi. Hapo, alipokuwa na umri wa miaka 56 hivi, umri ambao wengi wetu twaanza kuulizia kiinua mgongo, ndipo zilipoanza fidla zake zilizo bora kupita zote. Mwaka 1702 majeshi yalipigana ndani ya Cremona penyewe, na kazi haikusimama. Mwaka 1716 alitengeneza ile iitwayo Messiah, ambayo hakuiuza mpaka alipokufa, na leo imo katika jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford, haipigwi, imekaa tu katika kioo. Fidla isiyopigwa mimi huionea huruma, lakini hayo ni yangu.

Inakisiwa kwamba katika maisha yake alitengeneza ala zaidi ya 1,000, na karibu 650 zingalipo. Si fidla tu. Kuna ala kubwa za sauti nene, magitaa machache, hata kinubi. Hesabu hiyo haikutoka katika mikono miwili peke yake, na hapa ndipo waingiapo wanawe.

Francesco alizaliwa mwaka 1671, na Omobono mwaka 1679. Wote wawili walitiwa karakanani wangali wadogo. Hawakutoka. Francesco alikaa kando ya baba yake maisha yake yote, hakuoa, hakufungua duka lake. Fidla alizozichonga zilitiwa kikaratasi cha baba. Katika miaka ya mwisho tu ndipo vikaonekana vikaratasi vichache vinavyosema kuwa kazi hii imefanywa chini ya maongozi ya Antonio Stradivari. Hebu fikiri, mtu wa miaka 60 na zaidi bado anajulishwa kwa wateja kuwa ni mwanafunzi wa baba yake.

Omobono alijaribu kutoka. Akiwa kijana alisafiri mpaka Naples, mbali sana kusini, akakaa huko muda mrefu kabla ya kurudi. Alikwenda kutafuta nini, karatasi hazisemi, ila kijana wa rika lile aliyelelewa katika vumbi la mbao hahitaji sababu nyingi za kutamani bahari. Alirudi. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1729 mzee akaandika wasia, na karatasi hiyo, iliyochapishwa na wachunguzi katika miaka ya 1990, ndiyo iliyonifanya nimwone Stradivari kwa jicho jingine. Kwa Francesco aliacha karakana na vyombo vyake. Kwa Omobono alikumbusha gharama za ile safari ya Naples, na kutaka zihesabiwe katika fungu lake. Miaka 30, mwana amerudi, anachonga kando yake kila siku, na baba bado anayo hesabu.

Simhukumu. Labda Omobono alikuwa mvivu, na wanaozijua kazi zake wanasema mkono wake haukuwa na utulivu wa ndugu yake. Labda pia mzee alikuwa na uchungu mwingine moyoni. Katika watoto wa mke wa pili alikuwapo Giovanni Battista Martino, aliyezaliwa mwaka 1703, ambaye wachunguzi wengine wanaamini ndiye aliyekuwa na kipaji cha kumfuata baba. Huyo alifariki mwaka 1727, miaka miwili kabla ya wasia, akiwa kijana wa miaka 24. Wana wengine wawili walikuwa mapadri. Wa mwisho, Paolo, alijitia katika biashara ya nguo.

Hapo ndipo ninapoukumbuka mlango wa Nicolò Amati. Amati alipokosa mrithi aliita watoto wa watu. Stradivari alikuwa na wana, na kwa kadiri ya karatasi zilizobaki, waliofanya kazi naye miaka ile yote ni hao hao wanawe. Alikuwa na jina kuliko fundi yeyote wa Ulaya. Vijana wangalimiminika. Naona kwamba hakuona haja yao, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa ameacha kazi. Mtu anayeamka kila asubuhi na kushika patasi kwa miaka 70 husahau kwamba iko asubuhi ambayo hataamka.

Asubuhi hiyo ilikuwa tarehe 18 Desemba 1737. Alikuwa na miaka 93 hivi, na mwaka huohuo alikuwa bado akitengeneza fidla. Mkewe Antonia alikuwa amemtangulia kwa miezi michache. Walizikwa katika kanisa la San Domenico, mbele ya nyumba yao, katika kaburi alilolinunua mwenyewe miaka minane kabla. Kanisa hilo lilibomolewa mwaka 1869, na mifupa ikachanganyika na ya wengine. Jiwe la kaburi ndilo lililosalimika.

Francesco alikuwa na miaka 66, Omobono 58. Ndipo wakapata uhuru wao. Omobono akafa mwaka 1742, Francesco mwaka 1743, na fidla zenye majina yao ni za kuhesabu kwa vidole. Jirani yao Giuseppe Guarneri, aitwaye del Gesù, ambaye wapigaji wengi humweka sawa na Stradivari, alifariki mwaka 1744. Carlo Bergonzi, aliyehamia katika nyumba ya Stradivari, mwaka 1747. Katika miaka 10 mji uliotengeneza fidla kwa karne mbili ukabaki na mafundi wa kawaida. Haitoshi kumlaumu mtu mmoja, kwani soko nalo lilikuwa limegeuka na fidla za bei nafuu zilitoka kwingineko, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Paolo muuza nguo akabaki na fidla kadhaa za baba yake, kalibu, vipimo vya karatasi na vyombo vingine. Mwaka 1775 aliuza fidla hizo kwa Count Cozio di Salabue, tajiri kijana mpenda ala, na vyombo vikafuata kwa mnunuzi huyohuyo. Ukoo wa Stradivari ukawa hauna tena hata patasi ya mzee.

Tangu hapo watu hutafuta siri. Wako walioapa kwamba ilikuwa vanishi, na mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa walipoichungua kwa vyombo vyao walikuta mafuta na utomvu wa msonobari na rangi kidogo, vitu ambavyo mchoraji yeyote wa zama zile alikuwa navyo. Wako waliokuta madini katika mbao, dalili ya dawa ya kuzuia wadudu. Na mwaka 2012, karibu na Paris, wapigaji 10 wenye sifa walipewa fidla za zamani na mpya wakazijaribu wakiwa wamefichwa macho, na wengi wakachagua mpya. Wenye Stradivari zao walikasirika sana. Mimi sikushangaa. Hata fidla ya Stradivari inayosikika leo siyo aliyoisikia yeye, maana tangu karne ya 19 karibu zote zimebadilishwa shingo na kuongezwa nguvu ndani ili zijaze kumbi kubwa.

Vile vyombo vya Paolo vilizunguka mikono mingi mpaka fundi Giuseppe Fiorini akavinunua mwaka 1920, na mwaka 1930 akaviachia mji wa Cremona bila malipo. Mwaka 1938 mji ukafungua skuli ya kutengeneza fidla, nayo haikuuliza mtu ni mtoto wa nani. Leo karakana zimejaa tena katika vichochoro vya Cremona, na mwaka 2012 UNESCO iliutia ufundi huo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Zile kalibu za mjozi zimewekwa katika jumba la makumbusho la fidla, zina alama za bikari na herufi za mkono wa mzee. Kijana wa Japani au Korea aliyekwenda kujifunza huko anaweza kusimama mbele ya kioo, akazitazama muda apendao, kisha akarudi mezani kwake akawasha chuma cha kupindia mbavu.